Kiti cha Siku Tatu

Kiti kimoja chenye mikono ni kazi ya siku tatu. Siku ya kwanza unakifungua, ya pili unafunga springi, ya tatu unakivalisha nguo. Nimekaa kwenye nyumba hii ya fundi miaka miwili, hilo nalijua. Sasa kiti cha yule mwalimu mstaafu kilipomaliza miezi minne, si Mama, mama mkwe wangu, peke yake aliyeanza kuhesabu. Mimi pia nilihesabu, ila nilihesabu moyoni.

Fundi mwenyewe ni baba mkwe wangu. Mtaani wanamwita Mzee Springi, na jina limemkaa kiasi kwamba nilipoolewa nilimaliza wiki nzima ndipo nikasikia jina alilopewa na wazazi wake. Anafanyia kazi kwenye kibaraza cha bati ubavuni mwa nyumba. Kochi likiletwa hulipindua miguu juu, akachana kitambaa cha chini kwa kisu kifupi, kisha huingiza mkono na kubonyeza springi moja moja kwa kiganja, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Springi iliyochoka anaijua kwa sauti. Nimemwona akibonyeza nane, ya tisa akaing'oa na kuitupa bila hata kuitazama. Kila springi nzima anaifunga kwa kamba ya katani pande nane, mpaka zote zinashikana kama ndugu, ukikalia moja umezikalia zote.

Yeye anafunga, Mama anashona. Hivyo ndivyo walivyogawana kazi tangu ujana wao. Sponji, gunia la kufunikia, kitambaa cha juu, vyote ni vya Mama, na hakuna kochi lililowahi kutoka hapa bila kupita mikononi mwa wote wawili. Mama hajui herufi, lakini futi kamba anaisoma vizuri kuliko karani. Akitazama kochi kwa mbali anaweza kukuambia limeshonwa na mtu mwenye haraka au mtu mwenye njaa.

Basi Mwalimu alipotuma ujumbe kwamba ana kiti cha kutengeneza, Baba alikwenda kukitazama, akarudi akasema kitatengenezwa kulekule. Mama akauliza kwa nini. Baba akasema hakipiti mlangoni.

"Kiliingiaje?" Mama akauliza. "Kilizaliwa humo ndani?"

Baba akakohoa. Akasema tena kwamba Mwalimu hapendi kiti kitoke nyumbani, kilikuwa cha marehemu mume wake. Baadaye tukiwa tunaosha vyombo Mama aliniambia kwamba mtu mkweli ana sababu moja. Ukiona za pili zinakuja, ujue ya kwanza ilikuwa mgonjwa.

Ikawa kila Alhamisi Baba anaoga mchana, anavaa shati jeupe lililopigwa pasi, anachukua mfuko wa nyundo na koleo, anakwenda. Nyumba ya Mwalimu iko mtaa wa pili, nyuma ya zahanati. Anakaa saa mbili, mara nyingine tatu. Anarudi shati jeupe vilevile. Mama alikuwa akimtolea macho kuanzia utosini. Fundi gani anatoka kazini hana hata uzi mmoja wa katani kwenye nywele?

Mimi ndiye ninayefua nguo za nyumba nzima, mtoto wangu nimemfunga mgongoni. Ukifua nguo za mtu unamjua. Mashati ya Baba ya siku nyingine yanatoa vumbi la sponji mpaka maji yanakuwa kama uji. Shati la Alhamisi halikuwa na vumbi. Lilikuwa na doa dogo la wino mwekundu kwenye mkono wa kulia, wiki moja hapa, wiki nyingine pale. Nililiona, nikalisugua, nikanyamaza. Mkamwana anatakiwa kuwa na mikono mingi kuliko macho.

Lakini macho ya Mama hayakuhitaji msaada wangu. Jumatatu moja Baba alikwenda kununua misumari. Mama akaingiza mkono nyuma ya magunia ya sponji, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka kitu ila anayekificha, akatoa daftari. Akaja nalo chumbani kwangu. Mtoto alikuwa ananyonya. Mama akakaa kitandani, akaliweka daftari kwenye goti langu.

"Wewe umemaliza la saba," akasema. "Soma."

Nilisita. Daftari la baba mkwe ni kama mfuko wake wa suruali. Lakini nilipomwangalia usoni niliona si mtu wa kuambiwa hapana siku ile. Nikafungua.

Mwandiko ulikuwa wa aina mbili. Mmoja mkubwa wa penseli, herufi zimesimama mbalimbali kama watu wasioelewana, huo ulikuwa wa Baba, aliyeishia darasa la nne. Wa pili ulikuwa wa wino mwekundu, mwembamba, umelala upande, mzuri sana. Nilisoma kwa sauti ya chini. Kuruka kwa ghafla, kama simba anaporuka kutoka kichakani. Maji yanayobubujika yenyewe kutoka ardhini. Majira ambayo miti huchipua majani mapya baada ya baridi, na zamani majira hayo yalikuwa na jina jingine. Bahari kujaa kupita siku zote, yaani bamvua. Mbao kupasuka. Kumpasulia mtu habari asiyoitegemea. Kumtoa mtu kifungoni kwa ujanja. Pembeni mwa kila mstari palikuwa na alama nyekundu ya vyema.

"Rudia hapo pa kifungo," Mama akasema.

Nikarudia.

"Kifungo ni mimi," akasema.

Nikajaribu kumweleza. Juu ya kila ukurasa palikuwa na neno lilelile, springi, nikamwambia Mama, naona hizi ni maana za neno moja la Kiingereza, Baba anajifunza. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayekuambia mwezi unamfuata yeye.

"Neno moja haliwezi kuwa simba, likawa maji, likawa mfungwa. Hata mwongo huchagua moja. Huyu anaandikiwa mafumbo. Miti inachipua majani mapya, wewe hujui hayo ni maneno ya nani kwa nani?"

Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuyasikia kwa masikio yake. Maji yanabubujika yenyewe. Mtu anatolewa kifungoni kwa ujanja. Habari isiyotegemewa. Na alama ya vyema pembeni, nyekundu, kama mdomo uliopakwa rangi.

Mama akafunga daftari, akalirudisha mahali pake. Kisha akashusha sanduku lake kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja nguo. Alikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema Alhamisi atakwenda kukiona hicho kiti kwa macho yake. Akikuta kweli kibovu na kazi inaendelea, atarudi nyumbani na ataomba radhi. Akikuta kiti ni kizima, basi mume wake hana kazi katika nyumba ile, na mwanamume asiye na kazi katika nyumba ya mwanamke anajulikana anafanya nini. Siku hiyohiyo atakwenda kwa mdogo wake, hatarudi.

"Na utakuja nami," akasema. "Kama kuna kitu cha kusoma, usome."

Siku tatu hizo sikulala vizuri wala sikuamka vizuri. Mama huyu ndiye aliyemkanda mtoto wangu siku arobaini, mikono yake ndiyo iliyonifundisha namna ya kumgeuza asikabwe na maziwa. Akiondoka, nani atashona? Baba angebaki na kibaraza kilichojaa makochi yaliyo uchi. Mume wangu yuko ghalani anakopanga mizigo, anarudi Jumamosi, na nilijua nikimpigia simu ataniambia hayo ni ya wazazi, tuyaache. Kwa hiyo niliyaacha, lakini yenyewe hayakuniacha.

Alhamisi tulimpa Baba muda wa kufika, tukamfuata. Pale kwenye kona anakaa fundi viatu, mtu ambaye anajua safari za mtaa mzima kwa kutazama soli. Akamwona Mama amejifunga vizuri, akacheka. Akasema Mzee Springi amepita sasa hivi, ananukia sabuni, na kwamba ng'ombe hazeeki maini.

Mama hakusimama. "Shona viatu," akamwambia. "Mdomo wako ndio umeachia soli."

Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Kabla ya kupiga hodi, Mama alinyoosha mkono na kupima mlango kwa shubiri, kutoka mwimo huu mpaka mwimo huu. Nikamwona midomo yake ikihesabu. Kiti chochote cha mikono kingepita, na mtu akapita pembeni yake. Uongo wa kwanza tulikuwa nao mkononi, hata hatujaingia.

Akapiga hodi, sauti ya kike ikasema karibu.

Ndani palikuwa na meza, na Baba alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, magoti juu, penseli mkononi. Mwalimu alisimama upande wa pili, mama mnene wa umri kama wa Mama, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Mfuko wa nyundo ulikuwa mlangoni, umefungwa. Katikati ya chumba palikuwa na kiti, kimepinduliwa miguu juu, tumbo wazi. Baba alipotuona alisimama upesi mpaka kigoda kikaanguka.

Mama alimsalimia Mwalimu vizuri, wakaulizana hali na watoto, kama wanawake wenye adabu. Baba alimpita. Alipiga magoti mbele ya kiti, akakunja mikono ya gauni, akaingiza kiganja.

Alibonyeza springi ya kwanza. Ya pili. Akazipitia zote kumi na mbili. Mimi niliyasikia yaleyale ambayo nimeyasikia kibarazani siku zote, sauti ya springi nzima iliyofungwa na mtu anayejua. Hakuna hata moja iliyolegea. Kiti kilikuwa kizima. Nilimkumbatia mtoto mpaka akaguna.

Lakini Mama hakuinuka. Akapitisha kidole chini ya ubao, mahali kamba zinapopigiliwa misumari. Kamba ikifungwa mara moja, msumari unaacha tundu moja. Ukiung'oa na kupigilia upya, unatafuta mahali pengine, ubao unapata tundu la pili. Mama alipitisha kidole taratibu, akakirudisha, akakipitisha tena. Nikainama nikaona. Ubao umetobolewa kama chujio.

"Kimefungwa mara ngapi hiki?" akauliza, bado ametazama ubao.

Baba akaangalia mfuko wake wa nyundo.

"Nakuuliza wewe. Umefunga, umefungua. Umefunga, umefungua. Mara ngapi?"

"Kila wiki mstari mmoja," Baba akasema. "Naufunga nikifika. Naufungua nikiondoka."

Hapo Mwalimu akavaa miwani. Kumbe na yeye hakujua. Alisema Baba alimwambia springi za kizamani hazipendi haraka, zinafungwa mstari mmoja kwa wiki ili zizoeane. Yeye ni mwalimu wa lugha, atajuaje? Miezi minne amekalia kiti cha jikoni, mgongo unamuuma, anamvumilia fundi.

"Mzee," akamwambia, "umenidanganya mimi, mwalimu wako?"

Kwa hiyo wanawake wawili walikuwa wanamtazama, na mimi wa tatu. Baba ni mtu mrefu, lakini siku ile alionekana kama kochi lililotolewa sponji. Akaanza kueleza, na alieleza vibaya, akianzia katikati. Siku aliyokuja kukitazama kiti, mezani palikuwa na chupa ya maji ya kununua. Kwenye karatasi ya chupa aliona neno analolijua. Kiingereza hajui, lakini neno lile liko kwenye kila boksi la springi alilofungua miaka thelathini na minane, angelitambua hata gizani. Akamuuliza Mwalimu, maji na waya wapi na wapi? Mwalimu akashusha kamusi yake kubwa. Maana za neno zilijaza ukurasa mzima na nusu ya pili. Saa moja ikaisha wamefika mstari wa nne.

"Watu wananiita jina hilo," Baba akasema, "na mimi sikujua limetoka wapi."

"Si ungesema unakwenda kusoma?" Mama akauliza.

"Nikija na nyundo, mimi ni fundi. Nikija na daftari tu, mimi ni mzee wa miaka sitini na mbili anayekwenda shule. Yule wa viatu angenizika nikiwa hai. Na wewe ungecheka."

"Ningecheka," Mama akakubali. "Nikimaliza kucheka ningekupigia shati pasi. Badala yake nimelipiga pasi miezi minne natukana moyoni."

Hakuwa amemwamini bado. Akamgeukia Mwalimu, akamwomba amwoneshe hiyo kamusi. Mwalimu akaifungua mezani. Mama hakuitazama, angetazama nini? Alinitazama mimi usoni.

"Soma. Simba yumo?"

Kiingereza changu ni cha la saba, na darasa lenyewe tulikaa watu tisini. Nilipitisha kidole nikaona neno la maji, nikaliona la kuruka. Simba kama simba sikumwona, lakini kuruka kupo, nikasema. Mama akauliza mfungwa. Nikatafuta, jasho likinitoka, mtoto akivuta karatasi. Mwalimu akaniwekea kidole chake mstari wa chini kabisa, akanisomea polepole. Mfungwa nikamwona.

"Yumo, Mama."

Mwalimu akamweleza Mama, na alieleza vizuri zaidi kuliko Baba, ndiyo maana alilipwa kwa kazi hiyo. Kwa watu wa kale wa lugha ile neno lilikuwa la kuruka tu, kuchomoka kwa nguvu. Maji yakichomoka chini ya ardhi wakayaita hivyo. Majani yakichomoka baada ya baridi, majira yakapewa jina. Waya ulikuja mwisho kabisa, kwa sababu ukiubana chini haukai, unaruka kurudi. Mama akasikiliza akiwa bado amepiga magoti, kiganja juu ya springi, anaibonyeza na kuiachia, anaibonyeza na kuiachia. Sikujua anafikiria waya au anafikiria miezi minne.

Kisha akatoa shazia kwenye fundo la kanga yake. Mama hatembei bila sindano hiyo kubwa.

"Sponji iko wapi?"

Mwalimu akaonesha nyuma ya mlango. Kila kitu kilikuwepo tangu mwezi wa kwanza wa kazi, gunia, sponji, kitambaa cha kahawia, vimekunjwa, juu yake pana vumbi. Mama akalipuliza lile vumbi akimtazama Baba, kisha akaanza. Baba alishika kitambaa bila kuambiwa, akavuta pale pa kuvuta, akaachia pale pa kuachia. Mikono yao ilikuwa inajuana, ilipishana bila kugongana, na mimi nikakaa sakafuni na mtoto, nikiwatazama, nikiwa bado sijui jioni tutarudi wangapi nyumbani.

Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili alipokata uzi kwa meno. Wakakisimamisha kiti. Mwalimu akakaa, akaegemea, akafumba macho kidogo, akasema mgongo umesema asante. Mama akaitikia kwa kichwa. Halafu akamgeukia mume wake.

"Kiti kimekwisha. Hapa huna kazi ya ufundi tena, nimeifunga kwa mkono wangu na ole wako uifungue. Ukitaka kuja, njoo mwanafunzi. Daftari mkononi, mfuko wa nyundo uuache nyumbani, na upite mbele ya fundi viatu mchana kweupe. Ukiona aibu kupita, nitajua ulikuwa unafuata kitu kingine."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, na yeye je, atakuwepo nyumbani akirudi? Kumbe sanduku alikuwa ameliona.

"Nilisema nikikikuta kizima naondoka," Mama akajibu. "Nimekikuta wazi. Tutaona."

Alhamisi iliyofuata Baba alipita. Nilimtazama kutoka dirishani. Fundi viatu alimwona na daftari, akagonga kopo la rangi kwa nyundo kama kengele, akamwambia mzee kimbia, mstarini wamekwishasimama. Watu wakacheka mpaka wa dukani wakatoka nje. Shingo ya Baba ilikuwa imekakamaa, lakini miguu ilienda.

Tangu siku hiyo Mama amejiwekea utaratibu wake. Alhamisi jioni, tukishakaa kula, Baba lazima aseme alichofundishwa, mbele yetu sote, kabla hajagusa chakula. Akisita kidogo tu, unyusi wa Mama unapanda. Mama hawezi kujua kama jibu ni sahihi au si sahihi, kwa hiyo baada ya kila jibu ananitazama mimi, na mimi naitikia kwa kichwa.

Neno la springi waliliacha, sasa wako kwenye msumari. Wiki iliyopita Baba alisema kwa Kiingereza msumari na ukucha ni neno moja. Mama akatazama kucha zake, akauliza kwani hao watu waliishiwa maneno. Akanigeukia. Hilo nalikumbuka tangu shuleni, nikaitikia bila wasiwasi. Jana Baba akasema neno hilohilo pia ni kumnasa mtu katika uongo wake. Alilisema haraka, macho kwenye sahani.

Mama akaacha kutafuna. "Limo?" akaniuliza.

Sikuwahi kulisikia. Mtoto alikuwa anashika kijiko changu, nikajifanya nahangaika naye kwanza. Kisha nikaitikia kwa kichwa, kwamba limo.

Mama akarudisha mkono kwenye sahani, lakini hakumtazama Baba tena. Alinitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu.